Nilipumzika kwa rafiki yangu Dar, mbona nilisinzia kwenye pikipiki?

Swali:

"Daktari, naishi Arusha, nina miaka 46, kwetu Masasi. Kila Desemba naenda nyumbani kwa pikipiki, Boxer ya cc 150, na Dar nafikia kwa rafiki yangu tuliyesoma naye Ndanda, anakaa Mbagala. Mwaka jana nililala kwa muda wa saa nne tu, nikatoka Arusha saa kumi na moja alfajiri, nikafika kwake saa mbili usiku. Nilikuwa hoi, ila tulipokaa na kuanza stori uchovu wote ukaisha. Tulikunywa bia tatu tatu, tukala, tukaenda kulala saa nane usiku. Saa kumi na moja nikawasha pikipiki, mzima kabisa. Nimeshapita Ikwiriri, kama saa mbili na nusu asubuhi, nikashtuliwa na honi ya lori. Nilikuwa kwenye changarawe pembeni ya barabara na sikumbuki nilifikaje pale. Sielewi: nilipumzika, nilikuwa na furaha, usingizi sikuusikia. Mwaka huu nikae siku ngapi? Nikimwambia mwenzangu nakwenda kulala ataona nimebadilika. Halafu vidole vya mkono wa kulia, gumba na viwili vinavyofuata, hufa ganzi mpaka kesho yake. Huwa nameza diklopa, ile ya maumivu, nikifika na nyingine nikiondoka. Ni sawa?"

Jibu:

Pole sana ndugu yangu, na tumshukuru huyo dereva wa lori aliyekuwa macho. Nikupe jibu kwanza: lala kwa mwenzako siku mbili. Usiku wa kwanza ni wa kulala, stori ziwe za kesho yake. Diklopa ya kuondokea iache. Ganzi nitaieleza. Lakini ukichukua majibu haya bila kuelewa kilichokupata Ikwiriri utayasahau pale pale getini, mwenzako atakapokuita lile jina la bwenini.

Unachanganya mambo mawili ambayo karibu kila mtu huyachanganya, yaani kuchangamka na kutokuwa na usingizi. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na ndiyo inayokusukuma kulala. Inayoipunguza ni kulala. Kukaa kwenye kochi hakuipunguzi, wala kuoga, wala kucheka mpaka mbavu ziume. Pembeni yake kuna saa ya mwili, inayopandisha na kushusha uchangamfu bila kujali umelala kiasi gani. Kwa watu wengi saa hiyo huwapa nguvu jioni na mwanzoni mwa usiku, muda uleule uliofika Mbagala. Juu yake weka furaha ya kumwona mtu uliyegombania naye ugali wa bweni: moyo unakwenda mbio, adrenalini inapanda, na kichwa kinakwambia uchovu umekwisha. Raha uliyoisikia ilikuwa ya kweli. Ila ilikuwa inakupa habari za moyo wako, na deni la usingizi lilibaki palepale.

Sasa tulihesabu hilo deni. Kama uliamka Arusha saa kumi alfajiri na ukalala Mbagala saa nane usiku, ulikaa macho saa 22. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hivi hushuka umakini sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Wewe uliipita alama hiyo ukiwa bado mezani. Kisha ukalala saa mbili na nusu, tuseme tatu. Ukijumlisha na usiku wa Arusha, ni saa saba kwa siku mbili, wakati mtu mzima anahitaji saba au nane kwa usiku mmoja.

Kwa nini basi hukusinzia Mbagala? Kwa sababu Mbagala hakuna anayekuacha usinzie. Daladala zinakukata mbele, bajaji inaibuka upande usiotarajia, kuna matuta, kuna mama anavuka na beseni kichwani. Mpaka Vikindu na Mkuranga bado ubongo una kazi. Ukishaipita Kibiti barabara inanyooka, magari yanapungua, injini inalia sauti moja na jua linapanda. Hali hiyo haileti usingizi, inaondoa tu vitu vilivyokuwa vinauficha. Ubongo wenye deni hujikatia wenyewe sekunde mbili tatu, na macho yanaweza kubaki wazi. Huwezi kukumbuka kwa sababu hapakuwa na wa kukumbuka. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, sekunde tatu ni karibu mita 60, na pikipiki huendelea kunyooka mpaka barabara itakapokata kona bila wewe.

Hapo ndipo watu huanza kupeana dawa za kijiweni. Fungua kioo cha helmeti, upepo utakuamsha. Imba. Simama kwenye vikanyagio. Vyote hivi vinakupa dakika chache, basi. Kahawa ina nafasi yake, ila ujue inachofanya: inakaa mlangoni pa adenosini ili ubongo usiisome, mfano wa kubandika karatasi juu ya geji ya mafuta. Tangi halijajaa. Ikiisha nguvu, usingizi wote uliokuwa unasubiri unaingia kwa pamoja. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ni kafeini hiyohiyo na sukari nyingi. Matumizi ya maana ni haya: ukisikia kope nzito njiani, tafuta kivuli chenye watu, kunywa kahawa, weka alamu ya dakika 20, lala. Kafeini huchukua muda kama huo kuanza kazi, kwa hiyo unaamka vyote viwili vikikusaidia. Kisha ujue umenunua saa moja au mbili za kukufikisha kwenye kitanda. Safari yote hukuinunua.

Na bia. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe, na ini la mtu wa kawaida huchukua saa mbili hadi tatu kuimaliza. Chupa tatu ulizoanza saa tatu usiku huenda zilikuwa hazijaisha mwilini ulipowasha pikipiki. Pombe pia inakulaza haraka halafu inauvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na wewe hiyo nusu ya pili hukuwa nayo kabisa. Pilau ya saa sita usiku nayo haisaidii mtu mwenye kiungulia. Sisemi umkatalie shemeji chakula. Kula mapema ufikapo, na bia ziwe za jioni ya pili, chache, ziishe mapema.

Nimesema siku mbili. Je, usiku mmoja hautoshi? Nikwambie ukweli, kwa mtu mwenye afya ambaye hakuwa na deni la nyuma, usiku mmoja wa saa nane za usingizi wa kweli unarudisha sehemu kubwa. Tatizo lako ni kwamba unaanza safari na deni kutoka Arusha, halafu usingizi wa ugenini mara nyingi ni mwepesi, na wa Dar mwezi wa Desemba una joto na unyevu ambao mtu wa Arusha hajauzoea. Ili usingizi mzito uje, mwili unahitaji kupoa kidogo. Oga maji ya kawaida, omba feni, lala kwenye chandarua, na beba vizibo vya masikio, maana kukiwa na kigodoro mtaa wa pili singeli haitajali kwamba umetoka mbali. Vizibo hivyohivyo vitakufaa barabarani. Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwa mwendo wa barabara kuu inatosha kuharibu masikio kwa miaka, na inachosha kuliko watu wanavyodhani.

Kama kazini wamekubania siku, gawa njia tofauti. Lala Korogwe ukitoka Arusha, ni zaidi kidogo ya nusu ya njia, kesho yake uingie Dar mchana ukiwa bado mtu. Hapo usiku mmoja Mbagala, ukilala kweli, utatosha. Njia nyingine ni kulala gesti ili ulale kwa amani na rafiki umtembelee tu. Kitabibu haina ubaya, lakini mimi singeichagua. Mwenyeji anayekufahamu atakuona asubuhi macho mekundu na atakuficha ufunguo. Mhudumu wa gesti atakudai ufunguo wa chumba. Ya tatu ni kupanda basi. Najua hukuuliza, na najua utamu wa kuingia kijijini na pikipiki yako, ila kama huwa unasinzia hata siku za kawaida, ofisini au kwenye daladala, basi la abiria ndilo jibu mpaka upimwe.

Kwenye hilo la kupimwa rafiki yako anaweza kukusaidia kuliko mimi. Muulize unavyolala. Mtu anayekoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza kama pumzi imekatika, kisha akavuta hewa kwa kushtuka, anaweza kuwa na tatizo la njia ya hewa kuziba usingizini. Analala saa nane na kuamka amechoka, na siku mbili za Mbagala hazitamfaa kitu. Mkeo pengine ameshauzoea mlio huo. Mwenzako aliyelala kitanda cha pili Ndanda atakwambia kama umebadilika, tena bila kukuonea haya.

Kuhusu kumwambia, usingoje ufike. Mpigie wiki moja kabla, na usiuweke usingizi kama ombi. Mwambie ulivyoamka kwenye changarawe. Nina shaka kama uliwahi kumsimulia, kwa sababu wanaume tunasimuliana ajali za watu wengine. Akishajua, yeye ndiye atakayekufukuza ukalale, na utani atakaokufanyia utauvumilia. Mwambie pia kwamba mwaka huu anakupata mchana kutwa mzima badala ya saa sita za usiku ambazo nusu yake ulikuwa unaitikia tu.

Mchana huo usilale fofofo mpaka jioni, utakosa usingizi wa usiku. Kulala kidogo baada ya chakula cha mchana ni sawa, dakika 20 au 30. Mengine yawe kutembea, maana mgongo na nyonga zilizokunjwa siku nzima hukaza zaidi zikilazwa. Nendeni kwa fundi pamoja: cheni, spoku, breki, oili, upepo wa tairi, na kabla ya jioni mzunguke kidogo mjaribu kilichofunguliwa. Kunywa maji, au madafu. Upepo wa pikipiki hukausha jasho kabla hujaliona, ndiyo maana watu wa safari ndefu wengi hufika wamekauka bila kujua. Mkojo wa njano iliyokolea ndio ushahidi, uache upauke kabla hujaondoka.

Saa ya kuondoka: saa moja asubuhi, baada ya chai. Najua mazoea ni alfajiri, eti kukwepa jua na foleni. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi ndipo saa ya mwili inakushusha chini kabisa, na gizani kuna baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika yakawekewa matawi tu kama alama. Foleni ya asubuhi Mbagala inaelekea mjini, wewe unaelekea Mkuranga, hivyo hata hiyo hoja ni dhaifu. Bonde la pili la saa ya mwili huja kati ya saa saba na saa tisa mchana. Panga uwe Nangurukuru au karibu yake, umekaa, umekula. Kisha usilazimishe Masasi siku hiyo. Ni karibu kilomita 600 kutoka Dar, na utazimalizia gizani. Lala Lindi, asubuhi upite Mingoyo ufike nyumbani mchana, watoto wakuone ukiingia. Ulizia pia hali ya barabara. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga, na kipande hicho ni cha kukiulizia kila msimu wa mvua.

Sasa mkono. Gumba, kidole cha shahada na cha kati ni eneo la mshipa wa fahamu unaopita kwenye uwazi mwembamba kiganjani, karibu na kifundo cha mkono. Mkono wa kulia ndio wa eksileta. Unaukunja kwa nyuma saa nyingi, unakaza, na mtetemo wa injini ya silinda moja unafikia hapohapo. Vilivyomo ndani ya uwazi huo vinavimba, mshipa unabanwa. Mwambie fundi azungushe mshikio wa breki ya mbele ushuke kidogo, ili ukiweka vidole juu yake mgongo wa kiganja unyooke na mkono. Vaa glovu nene kidogo, shika kwa ulegevu, simama kila baada ya saa moja na nusu uchezeshe vidole. Usiku usilalie kifundo kilichokunjwa. Kama ganzi inakuamsha usingizini hata ukiwa Arusha hujapanda pikipiki, kama unaangusha vikombe, au kama nyama ya chini ya gumba imeanza kubonyea, nenda hospitali, usingoje Desemba. Kwa umri wako pima na sukari, kwani kisukari kinaweza kuchangia ganzi kama hizi.

Diklopa unayoizungumzia ina diklofenaki pamoja na paracetamol. Diklofenaki kwenye tumbo tupu, baada ya bia, kwa mwili uliokauka, ni njia ya mkato ya kuumiza tumbo na figo, na kwa mwenye presha huipandisha. Kidonge kimoja baada ya chakula si mwisho wa dunia kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, presha wala tatizo la figo. Ya kuondokea siipendi kwa sababu inaficha maumivu ambayo yangekusimamisha. Paracetamol peke yake itakutosha, na usiimeze juu ya diklopa, utakuwa unaizidisha bila kujua. Ukipata mafua ya vumbi, Piriton isiguswe siku ya kuendesha. Inalaza.

Nenda hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya: mguu mmoja umevimba na shavu la mguu linauma, kifua kinabana au pumzi inakuishia, kwa sababu damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri hadi mapafuni; au mgongo unauma na sehemu za siri zimekufa ganzi, mkojo hauzuiliki au hautoki, mguu unalegea. Ukiwa Mbagala, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke iko upande huohuo wa jiji, na Muhimbili ipo kwa makubwa zaidi.

Jambo la mwisho hukuliuliza. Umetoka Arusha ambako malaria ni kidogo, unakwenda kulala Pwani na Kusini ambako ipo zaidi. Homa yake kwa kawaida huanza wiki moja hadi mbili au zaidi baada ya kuumwa na mbu, maana yake inaweza kukukuta Masasi au ukiwa umesharudi kazini Januari. Ukisikia homa, baridi au kichwa kuuma, usiseme ni uchovu wa pikipiki na usianze mseto kwa kukisia. Pima siku hiyohiyo, na umwambie atakayekupima kwamba umetoka safari.